Mjadala: Aliyemeza pipi za unga awekwe wodini au mahabusu?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu wa Mwanza na Kanda ya Ziwa, mtu akikamatwa uwanja wa ndege au bandarini akishukiwa kumeza pipi za unga, yaani vifuko vya dawa za kulevya, je, akae mahabusu mpaka azitoe, au apelekwe hospitali? Msimamo wangu ni kwamba mahali pake ni hospitali tangu saa ya kwanza, askari akae mlangoni, na uamuzi wa matibabu ubaki kwa daktari.

Sababu yangu si huruma. Pipi moja hubeba gramu kadhaa za heroini au kokeini, kiasi ambacho kikimwagika tumboni chaweza kuua, na wabebaji humeza makumi ya pipi hizo. Heroini ikivuja, mtu husinzia, mboni za macho husinyaa na pumzi hupungua hadi kukata. Hapo naloksoni, dawa inayoizima heroini, na msaada wa kupumua vyaweza kumrudisha. Kokeini haina dawa ya kuizima: mapigo ya moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, degedege huanza, na pamoja na dawa za kumtuliza inabidi akimbizwe chumba cha upasuaji. Askari wa zamu, hata awe makini namna gani, hawezi kumtofautisha mahabusu aliyelala na mahabusu anayekata roho.

Wengi wasio na dalili hawahitaji kisu. Huangaliwa kwa karibu, hunyweshwa maji maalumu ya kusafisha utumbo, na husubiriwa. Dawa za kulainisha choo zenye mafuta hazifai, kwa kuwa mafuta hudhoofisha mpira uliofungia unga.

Mkazi wa Kirumba

Nimekuelewa, ndugu, lakini sikubaliani nawe. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza hupokea rufaa za Mara, Kagera, Geita, Shinyanga na Simiyu. Mama aliyevuka na kivuko kutoka Ukerewe, mtoto mgongoni, aambiwe asubiri kitanda kwa sababu kimeshikwa na mtu aliyemeza unga kwa tamaa ya fedha? Vijana wetu wanaharibika kwa unga huo huo, na hakuna askari anayewalinda mlangoni.

Muuguzi

Naomba niseme la wodini. Anayeshinda na beseni ni muuguzi. Tulipompokea mgonjwa wa aina hii, kila choo kilichujwa kwa maji, pipi zikahesabiwa mbele ya askari na saa ya kila moja ikaandikwa; hesabu ilipopungua kwa moja tu kutoka idadi aliyoitaja mwenyewe, hakuna aliyethubutu kusema kazi imekwisha. Kuhesabu ni tiba, maana hiyo moja iliyobaki ndiyo yenye hatari. Kufunga kielelezo, yaani ushahidi wa mahakamani, na kukitia saini ni kazi ya polisi, na nisingependa kubebeshwa. Tena pingu ya mkono na mguu kwa pamoja inanizuia kumlaza ubavu akianza kutapika. Jambo hilo nimelisema kwa wahusika, wakanitazama kama mtetezi wa wahalifu.

Wakili, Nyamagana

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 ni kali, na haki yake iwe kali. Hata hivyo, ibara ya 13(6) ya Katiba humhesabu mshtakiwa kuwa hana kosa mpaka athibitishwe, na hukataza kumtesa au kumdhalilisha. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona Ujerumani ilikosea kwa kumpa mshukiwa dawa ya kumtapisha kwa nguvu ili atoe kifuko cha kokeini. Hukumu hiyo haitufungi, ila swali lake ni letu: mgonjwa akikataa dawa, daktari amlazimishe kwa amri ya nani?

Mwanzisha mada

Asilazimishwe, wakili. Aelezwe hatari, aangaliwe, na asubiriwe. Upasuaji wa dharura ni suala la kuokoa uhai, si la kutafuta kielelezo. Ndugu wa Kirumba, hesabu yako ya vitanda ni ya kweli, lakini anayeletwa kutoka mahabusu utumbo umeziba, au degedege limeshaanza, huchukua chumba cha upasuaji na kitanda cha wagonjwa mahututi, na hivyo ndivyo haba zaidi. Ninachokubali kwako ni hiki: asiye na dalili hahitaji kitanda cha wodi ya kawaida, chumba kidogo karibu na idara ya dharura chatosha. Na asiruhusiwe kutoka kwa eksirei safi pekee, kwa kuwa eksirei huweza kuikosa pipi. Kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya mwili zinazounganishwa kwa kompyuta, kina uhakika zaidi.