Tupeane uzoefu: kazi ambayo hukuichagua ilianza lini kukupa furaha?

Mpima Mipaka (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Humu tuna nyuzi nyingi za kutafuta kazi, za kuacha kazi na za mabosi wakorofi. Naomba huu uwe wa kuelezana kazi inakupa raha sehemu gani hasa. Nawalenga zaidi wale ambao kazi ndiyo iliyowachagua: ulipangiwa chuo, mzee alikushauri, au uliingia kwa sababu ndiyo nafasi iliyokuwepo. Wengi wetu tuko hivyo, na kila ikizungumzwa furaha ya kazi tunaambiwa tufuate ndoto zetu, kana kwamba sisi ambao ndoto zilitupita hatuna cha kusimulia.

Naanza mimi. Ni mpima ardhi. Kidato cha sita nilitaka udaktari. Upimaji niliujaza mwisho kabisa ili nafasi isibaki wazi, na ndio ulionipokea. Chuo nilikimaliza vizuri tu, ila moyo haukuwepo. Hata nilipoajiriwa, nilikuwa natoka nyumbani asubuhi nikiwaza saa ya kurudi.

Kilichonigeuza ni zoezi la hati za kimila kwenye kijiji kimoja mkoani Morogoro, zile hati zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Watu wanadhani kazi yetu ni mitambo na satelaiti. Kijijini, mtambo ndio sehemu nyepesi. Unazunguka shamba lote kwa miguu na mwenye shamba, wajumbe wa kijiji na majirani wote wanaopakana naye. Jirani mmoja akisema "hapana, mpaka uko kwenye ule mkwaju", msafara wote unasimama mpaka waelewane.

Sasa palikuwa na wazee wawili, baba mmoja mama mbalimbali, hawasemeshani kwa sababu ya ukanda wa ardhi ambao ungeuvuka kwa hatua chache. Tukafika pale, kila mmoja anaonyesha kwake. Mdogo mtu akachukua jembe akaanza kufukua kichakani, jua la saa saba. Akafukua hadi akakuta kisiki cha katani, kimeoza lakini mizizi ipo, na mbele yake kingine, vimekaa mstari mmoja. Kaka mtu akainama akavitazama, akasema, "Hizi alipanda baba. Nilikuwa namshikia kamba." Hakukuwa na hotuba. Nikachukua pointi, nikaandika namba, tukaendelea na kona inayofuata, wao wawili wakiwa mbele yangu wanabishana kuhusu mwaka ambao katani zile zilipandwa.

Toka siku hiyo, mpaka wenye ugomvi ndio naupenda. Wenzangu wakiukwepa naomba niende mimi. Na kitu kingine ninachokisimamia kwa moyo wangu wote: jina la mke liingie kwenye hati. Kanafasi kale kwenye fomu ni kadogo, lakini nimeona wajane wakifukuzwa mashambani kwa sababu kalibaki wazi.

Karibuni. Ombi langu moja, tusipeane mawaidha. Eleza kazi yako na ilikuwaje. Kama huipendi, eleza pia.

Mkunga wa Zamu

Mkuu asante kwa uzi. Mimi ni muuguzi mkunga, kituo cha afya huku Kanda ya Ziwa. Nilitaka kusoma sheria. Marehemu baba akasema uuguzi hautakuacha na njaa, nikaenda huku nimenuna.

Wodi za kawaida zilinichosha. Ndugu wa mgonjwa anakutukana kwa dawa ambayo si wewe uliyesababisha ikosekane. Kilichonishika ni wodi ya wazazi, tena usiku.

Niwaeleze kitu ambacho ndugu hamkioni mkiwa nje kwenye benchi. Mama amelala, naweka viganja tumboni natafuta mgongo wa mtoto uko upande gani. Nikiupata naegesha fetoskopu, kile kibomba cha kusikilizia mapigo ya mtoto, sikio nimelibana kule, macho kwenye saa ya ukutani. Mapigo ya mtoto yanatakiwa yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika. Mwanzoni nilikuwa nahesabu kwa hofu, nasahau nimefika ngapi, naanza upya. Siku hizi sikio linajua kabla hesabu haijaisha.

Usiku mmoja nikasikia mapigo yanashuka kila uchungu ukipita, halafu yanachelewa kupanda. Nikarudia. Yale yale. Chati ya uchungu nayo ilikuwa imeshavuka mstari wa tahadhari, yaani uchungu ulikuwa unakwenda polepole kuliko inavyotakiwa. Mama alikuwa anaongea vizuri tu, ananiuliza kama nimekula. Nikamgeuza alale kwa ubavu, nikapiga simu ya gari, nikapanda naye hadi hospitali ya wilaya, akafanyiwa upasuaji. Mtoto alitoka amelegea, wakamhudumia, akalia.

Wiki ya 6 mama akaja na mtoto kliniki kwa chanjo. Hakunishukuru kwa maneno, wala sidhani alikuwa anajua yote yaliyotokea. Akanipa mtoto nimshike ili afunge kanga yake vizuri. Nilimshika yule mtoto, mkuu, mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Halafu kuna ile sindano ya oksitosini, yuniti 10, ndani ya dakika moja mtoto akishatoka. Mama anaona nimemchoma paja tu. Ile ndiyo inayosaidia mfuko wa uzazi ujikaze asimwage damu. Nikiichoma kwa wakati, damu ikakata, kondo likatoka zima nikalikagua, najisikia mtu mwenye ufundi wake. Zipo siku glovu hazitoshi na niko peke yangu na kina mama watatu. Siku hizo sina furaha yoyote na sitajidanganya.

Mlinzi Getini

Nawaheshimu hapo juu, ila na sisi tusikilizwe. Kazi ya ulinzi sikuichagua na bado siipendi. Usiku ni mrefu, baridi inaingia kwenye magoti, na wapo watu wanaopita getini miaka yote hawajawahi kukusalimia.

Kampuni niliyoanzia ilikuwa inachelewesha mshahara na ilikuwa hailipi nyongeza ya usiku, wakati sheria inataka isipungue asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Tulikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi baadhi yetu, tukajaza fomu, wakaitwa, ikaishia kwenye usuluhishi wakatulipa. Anayedai malipo aende mapema. Kwa madai ya namna hiyo unapewa siku 60, na kama umeachishwa kazi ni siku 30 tu. Wengi wanakosa haki kwa kuchelewa.

Sasa hivi niko kwa mwajiri mwingine, mshahara unaingia kwa tarehe. Kwangu hapo ndipo furaha ilipoanzia. Nikijua hela inaingia lini, najua ada nitalipa lini, na fundi naweza kumpa ahadi ya tofali nikaitimiza. Kinachonijaza roho ni kwaya. Naimba besi. Jumamosi jioni mazoezi, Jumapili ibada, na kazi ya getini ndiyo inayonilipia sare na nauli za safari za uinjilisti. Siombi kazi yangu inipe zaidi ya hapo.

Mpima Mipaka

Mlinzi Getini, umenigusa. Nilipoandika kichwa cha uzi sikuwa nimewaza kwamba furaha ya mtu inaweza kukaa nje ya geti la kazi na kazi ikabaki kuwa nzuri. Na hizo siku 60 wengi hatukuzijua.

Randa na Msasa

Mimi ni upande wa walioondoka. Nilikuwa ofisa mikopo. Kila mwezi malengo mapya, na ukiyafikia mwezi ujao yanapandishwa. Kilichonitoa si malengo, ni kwenda kwa mama muuza mboga kuandika orodha ya vitu vyake: meza, friji, redio. Mkopo wenyewe tulimshawishi sisi. Nilianza kukosa usingizi siku za kudai.

Nikaingia kozi fupi ya useremala chuo cha ufundi cha Veta, jioni baada ya kazi, na wikendi nashinda kwa fundi mmoja mtaani kwetu ananipa mbao za kusafisha. Niliendelea hivyo hadi nikaanza kupata oda zangu mwenyewe. Ndipo nikaandika barua.

Wanaotaka kufuata njia hii wasikurupuke. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28. Ukiacha mwenyewe, kile kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka hukipati, maana kinamhusu aliyeachishwa. Bima ya afya ya ofisini inakwisha. Mkopo wa Bodi, ule wa kusomea chuo, ambao ulikuwa unakatwa wenyewe asilimia 15 kwenye mshahara, sasa unatakiwa uukumbuke wewe. Mke wangu tulikaa naye chini tukaandika yote hayo kwenye daftari, na tukabaki na akiba ya kodi ya nyumba kwanza.

Furaha ipo? Ipo. Mninga ukiupiga randa yenye makali, maranda yanatoka marefu, membamba, harufu inajaa banda zima, na chini yake rangi ya mbao inafunguka, mistari ya kahawia na dhahabu ambayo ulikuwa huioni. Halafu kiungo: unachonga ulimi, unatoboa tundu, unaupeleka taratibu kwa nyundo ya mbao. Ukiingia kwa kubana bila gundi, siku hiyo hata chakula nasahau. Kitanda nilichomtengenezea yule yule mama wa mboga alikilipa kidogo kidogo na sikumwandikia kitu chochote cha dhamana.

Mpima Mipaka

Mkuu, na kipato? Tuambie ukweli.

Randa na Msasa

Kwa mwaka mzima kinakaribia cha benki. Kwa mwezi mmoja mmoja hakitabiriki. Kuanzia shule zinapofungua Januari hadi Machi oda zinapungua sana, Desemba silali. Anayehitaji uhakika wa tarehe kama Mlinzi Getini alivyosema, hii itamtesa.

Binti wa Unguja

Asalaam alaykum ndugu zangu. Mie niko Maskati, nafanya kazi ya ndani. Nyumba ya kwanza sitaki kuizungumza. Hii ya pili ina bibi mzee, alizaliwa Unguja, akaondoka msichana. Watoto wake wanasema naye Kiarabu, wajukuu Kiingereza. Kiswahili hakuna wa kusema naye ila mie.

Kazi niliajiriwa kusafisha na kupika. Siku moja nikamfanyia mkate wa kumimina: mchele niliurowanisha usiku, nikausaga na tui na iliki, nikatia hamira, nikausubiri uumuke, nikaumimina. Alipouonja akauliza nani kanifundisha, nikamwambia bibi yangu Mkunazini. Basi ikawa kila baada ya Alasiri lazima nikae naye. Ananitajia nyumba za mtaa mzima mlango kwa mlango, na mie namwambia ipi ipo na ipi imeanguka. Mshahara ni ule ule. Lakini zamani nilikuwa nikiamka natamani siku iishe, na sasa Alasiri naingoja. Wanangu wako kwa mama, hilo linaniuma kila siku ya Mungu na mkate hauliondoi.

Ticha wa Darasa la Kwanza

Binti wa Unguja, pole sana na hongera.

Mimi nafundisha darasa la kwanza, watoto wanazidi mia kwenye chumba kimoja, wengine wamekaa chini. Nilitaka nifundishe sekondari, fizikia. Ila niwaambie: mwalimu wa fizikia hajawahi kuona mtoto akigundua kusoma. Tunaimba ba, be, bi, bo, bu wiki nzima mpaka koo linakauka. Wanazikariri kama wimbo, bado si kusoma. Halafu siku hiyo mmoja anasimama mbele ya mfuko wa saruji uliotundikwa dirishani kuzuia jua, anaweka kidole kwenye herufi, anatamka silabi polepole, anazirudia kwa haraka, anageuka na macho yake kwangu: "Mwalimu, imeandikwa SA-RU-JI!" Kila mwaka nangoja nione nani ataanza, na kila mwaka ni yule ambaye sikumtegemea.

Natamani tu wawe arobaini na tano. Ningewaona wote siku yao ikifika.

Kijana wa Songea

Samahanini wakubwa, mimi ni mdogo kwenu. Nimepangiwa stashahada ya uuguzi na ukunga, nilikuwa nataka uhandisi. Nyumbani wanasema niripoti, marafiki wanasema nisubiri mwaka mwingine. Mama Mkunga, mwanaume kwenye hiyo wodi ya wazazi anakubalika kweli?

Mkunga wa Zamu

Anakubalika, mwanangu. Mmoja wa waliokuwa wananifundisha alikuwa mwanaume, na kina mama walikuwa wanamuulizia zamu yake. Kabla hujamgusa mama unajitambulisha, unamwomba ruhusa, unamfunika vizuri, unamweleza unachotaka kufanya. Akikataa unamwita mwenzako wa kike, usikasirike.

Kuhusu kuripoti au kusubiri sitakuamulia. Ila kabla hujaamua, nenda kituo cha afya kilicho karibu na kwenu, omba kuonana na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, mwambie umepangiwa chuo na unataka kuona kazi ilivyo. Huwa tunawaruhusu wakae wakitazama pale kliniki. Mwombe muuguzi akupe fetoskopu, mama akiridhia usikilize mwenyewe. Ukiripoti, nunua saa yenye mshale wa sekunde na viatu vya kufunika vidole, visiwe vya kuteleza. Vitabu vingine utaazima. Andika hapa umeamua nini, tuko wengi tunaosubiri kujua.