Bunduki ya "TV game" haiangushi bata kwenye runinga bapa: tatizo ni nini?

Mkazi wa Makole
Habari za jioni, wanajukwaa. Juzi nilipokuwa nikisafisha stoo hapa Makole, Dodoma, niliikuta "TV game" tuliyonunuliwa na baba mwishoni mwa miaka ya 1990, ikiwa na pedi zake mbili, kaseti ya njano na ile bunduki ya plastiki ya kuwindia bata. Niliiunganisha kwenye runinga bapa ya sebuleni ili wanangu waone tulichokuwa tukigombania, na kwa kweli picha ilitokea, muziki ukasikika na pedi zikafanya kazi. Lakini bunduki haikuangusha bata hata mmoja, hata nilipougusisha mdomo wake kwenye kioo. Nimeifungua na nyaya hazijakatika. Je, imekufa?

Fundi wa Majengo
Ndugu yangu, usiitupe. Bunduki hiyo hairushi chochote kuelekea kwenye runinga, ingawa utotoni sote tuliamini kwamba inatoa miale. Ndani ya mtutu mna lenzi na kihisi cha mwanga, kwa hiyo bunduki yenyewe ni jicho. Ukivuta kifyatulio, mchezo huifanya skrini nzima kuwa nyeusi, kisha huchora mraba mweupe mahali alipo bata, na jicho likiona giza likifuatwa na mwanga, bata huanguka. Bata wakiwa wawili, kila mmoja hupewa mraba wake kwa zamu, na kwa kuwa runinga za mfumo wetu huonyesha picha 50 kwa sekunde, wewe huona mmweko tu.

TV ya chogo, yaani ile ya zamani yenye bomba la picha, huchora picha papo hapo ishara inapoingia. Runinga bapa huipokea kwanza, huigeuza kuwa ya kidijitali, huikuza ienee kwenye kioo, ndipo huionyesha, na ule mraba mweupe hufika wakati mchezo umekwisha kuamua kwamba umekosa. Tafuta chogo, ila usilifungue mwenyewe, maana bomba la picha huweza kuhifadhi umeme wa maelfu ya volti hata likiwa limechomolewa ukutani.

Mwalimu Nzuguni
Maelezo ya Fundi ni sahihi, ila kuchelewa si sababu pekee. Bunduki ya kwanza ya kuchezea nyumbani iliuzwa Marekani mwaka 1972 pamoja na mashine ya Magnavox Odyssey, iliyotokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer, na udhaifu wake ulikuwa kwamba mtoto mjanja angeweza kuielekeza kwenye balbu ya taa na bado akahesabiwa kuwa amelenga. Nintendo, kampuni ya michezo ya Japani, walipotoa bunduki yao ya mchezo wa Duck Hunt, ambao ulitoka Japani mwaka 1984 kwa mashine ya Famicom, waliongeza saketi inayosikiliza mpigo wa mwanga wa bomba la picha, unaorudiwa zaidi ya mara 15,000 kwa sekunde kila mstari mmoja unapochorwa. Mwanga wa runinga bapa hauna mpigo huo, hivyo bunduki ya asili huuona kama mwanga wa balbu na kuukataa. Hizi tulizonunua sisi ni nakala za Famicom, na baadhi yake saketi hiyo iliachwa ili kupunguza gharama.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mwanzoni mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1970 Gunpei Yokoi wa Nintendo, akisaidiwa na Masayuki Uemura aliyekuwa akiuza seli za mwanga za kampuni ya Sharp, alitengeneza bunduki ya kuchezea ambayo kweli ilirusha mwanga, na kihisi kikawa kwenye shabaha. Uemura huyohuyo ndiye aliyekuja kuisanifu Famicom. (Sisi huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ndiyo maana wengi wetu tulizijua runinga kwanza kwa mikanda ya video na michezo hii.)

Mkazi wa Makole
Nawashukuru sana. Leo nimeibeba hadi kwa jirani ambaye bado anatumia chogo lake na king'amuzi, na bata wa kwanza ameanguka kwa risasi ya pili. Mwanangu mdogo ameuliza kwa nini TV inapepesa macho kila anapofyatua, nami safari hii nilikuwa na jibu. Fundi, chogo la inchi 14 lililo zima hapo Majengo linapatikana kwa bei gani?

Fundi wa Majengo
Njoo Jumamosi, ninayo mawili yaliyoachwa na wenyewe. Tutaelewana.