Wifi yangu akataa sindano ya pepopunda, nimwambieje?

Wifi wa Kisauni: Wenzangu, wifi yangu ana mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Kliniki wamemwambia achomwe sindano ya pepopunda, hataki. Jirani kamwambia inafunga kizazi. Sitaki tugombane. Nisemeje?

Mkunga mstaafu, Likoni: Mwanangu, uvumi huo ulienea sana Kenya mwaka 2014 na bado unatembea. Mimi nimeshika kichanga mwenye pepopunda. Siku za kwanza ananyonya vizuri, kisha taya zinakaza, hawezi tena kushika titi, na ukimgusa tu mwili wote unajipinda. Vijidudu vyake vimo mchangani na kwenye samadi, huingia kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu. Mama akichanjwa, kinga yake hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto, akazaliwa nayo. Mimba ya kwanza ni sindano mbili, ziachane wiki nne au zaidi, ya pili iwe angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Kwa hiyo wakati upo. Usimtishe, tafadhali. Muulize anachoogopa, umsikilize, halafu umsindikize.

Umm Rayyan: Mimi nilichomwa kwenye mimba ya kwanza na nikazaa tena na tena, alhamdulillahi. Mkono huuma kidogo tu.

Wifi wa Kisauni: Shukrani, mama. Kitabu chake cha kliniki kimepotea, watamkubali?

Mkunga mstaafu, Likoni: Aende hivyo hivyo, aeleze. Watamfungulia kingine.