Wadau wa besiboli naombeni ushauri: ketcha (mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji) nimweke Johnny Bench au Josh Gibson?

Mbeba Maboksi:
Habari za muda huu wakuu. Najua humu wengi ni watu wa soka na huu mchezo mnauona wa kuchosha, hata mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nasinzia, ila nipo Columbus, Ohio mwaka wa nne sasa, nafanya kazi ghalani, na pale tunapokula hakuna stori nyingine kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi. Nimeshanogewa.

Sasa bosi wa shifti katuambia kila mtu aandike kikosi chake bora cha muda wote, watu tisa tu, kila mmoja na namba yake, ile nafasi ya mtu wa kupiga tu bila kudaka haipo. Mwisho Ijumaa. Tunapiga kura na atakayeshika mkia anawanunulia shifti nzima pizza, na shifti yetu ina watu 31. Mimi juzi tu nimetuma hela ya paa nyumbani, sina kitu.

Mpaka sasa nina Walter Johnson anarusha, Lou Gehrig besi ya kwanza, Jackie Robinson ya pili, Mike Schmidt ya tatu, Honus Wagner shotistopu (kati ya besi ya pili na ya tatu), Willie Mays katikati, Babe Ruth kulia. Nimekwama kushoto, Barry Bonds au Ted Williams, na nimekwama zaidi kwa ketcha. Bosi ni mtu wa Cincinnati, kwake Johnny Bench, ketcha wa zamani wa timu ya kwao, ni kama mtume. Ila kuna mzee mmoja mweusi wa pale, kazi ameianza mimi sijazaliwa, kaniita pembeni akaniambia kijana ukiacha jina la Josh Gibson, yule ketcha wa ligi za weusi za zamani, usinisalimie tena. Natanguliza shukrani.

Kobe wa Mbagala:
Nimesoma yote sijaelewa hata mstari mmoja. Weka Lunyamila winga ya kushoto umalize kazi.

Msafiri TX:
Kobe wacha jokes, jamaa ako na shida ya pizza 31 😂. Buda, mimi niko Dallas, sikiza. Bench ndiye salama. MVP (mchezaji bora wa msimu) mara mbili, Gold Glove (tuzo ya udakaji) kumi, na hizo mechi zote watu waliziona kwa tivii. Gibson ni hadithi za wazee, mara alipiga mpira ukatoka nje ya Yankee Stadium, nani aliuona?

Jicho la Tatu:
Hapo kwenye hadithi za wazee ndipo mnapokosea. Mwaka 2024 mwezi wa tano ligi kuu yenyewe iliingiza takwimu za ligi za weusi kwenye vitabu vyake rasmi, na Gibson akakaa juu ya wote kwa wastani wa kupiga, .372, yaani kila mara elfu za kupiga alifanikiwa 372, akampita Ty Cobb mwenye .367 aliyekaa pale miaka na miaka. Hicho ni kitabu cha rekodi, sio kijiwe.

Msafiri TX:
Sawa lakini hizo ligi zilikuwa na mechi chache kwa msimu. Mtu akicheza mechi kidogo wastani unapanda, hiyo ni hesabu tu.

Jicho la Tatu:
Zilikuwa chache kwa sababu weusi walifungiwa mlango wa ligi kuu, na hata hivyo siku zilizobaki walikuwa barabarani na basi wanacheza mechi za kiingilio mji kwa mji ambazo hakuna aliyeziandika. Halafu geuza hiyo hesabu yako. Ruth kapiga homurani (mpira unaovuka uzio) 714 na hajawahi kukutana na pitcha (mrushaji) mweusi hata mmoja kwenye mechi ya ligi, yeye mbona humpunguzii? Gibson kafariki Januari 1947 ana miaka 35, na Jackie, mweusi aliyefungua ule mlango wa ligi kuu, kaingia uwanjani na timu ya Dodgers tarehe 15 Aprili mwaka huo huo. Hata miezi mitatu haijafika.

Mbeba Maboksi:
Daah hiyo ya miezi mitatu nilikuwa siijui. Sasa naelewa kwanini mzee anakuwa mkali. Jana alichuchumaa pale kati ya mapaleti kunionyesha Gibson alivyokuwa anakaa nyuma ya mpigaji, kashika roli ya seloteipu ndio mpira, magoti yanalia kama mlango wa choo cha stendi, akarusha mpaka kwenye mlango wa lori bila kusimama. Roli ikapita sikioni kwa bosi. Tumecheka mpaka kengele ikalia.

Binti Nagoya:
Mimi naishi Japani na nashangaa kikosi cha muda wote hakina Ichiro wala Ohtani. Ichiro 2004 alipiga hiti (mpira unaomfikisha mpigaji besi salama) 262 msimu mmoja, hakuna mtu amefika hapo. Ohtani 2024 homurani 54 na besi za kuiba (kukimbilia besi inayofuata mpira haujapigwa) 59, na mikono hiyo hiyo inarusha. Mnajaza marehemu tu.

Mbeba Maboksi:
Dada yangu Ohtani bado anacheza, akistaafu tutamjadili. Ichiro kulia namtoa nani, Ruth? Nitafukuzwa kazi.

Mpiga Debe:
Swali la pembeni, hivi Afrika hatuna mtu?

Jicho la Tatu:
Kikosi hiki hapana. Ila Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa wa kwanza kutoka barani kucheza ligi kuu, Pittsburgh, 2017. Na watoto wa Lugazi, Uganda walifika fainali za dunia za watoto kule Pennsylvania mwaka 2012.

Shangazi wa Minnesota:
Mwanangu kushoto mbona umejibiwa bila kujua. Bonds ana homurani 762 na MVP saba lakini ile ishu ya madawa ya kuongeza nguvu itakula kura zako, Cooperstown wenyewe, kwenye Ukumbi wa Mashujaa, wamemnyima. Weka Ted Williams. Alipiga .406 mwaka 1941, akaenda vitani mara mbili, na karibu misimu mitano ikaliwa na jeshi. Halafu siku anaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa, 1966, akasimama mbele ya watu akasema anatumaini Satchel Paige na Josh Gibson, nyota wa ligi za weusi, nao wataingizwa. Mzungu, mwaka ule, kwenye sherehe yake mwenyewe. Paige akaingia 1971 na Gibson 1972. Ukimweka Williams na Gibson kikosi kimoja hata bosi hana pa kukushika.

Msafiri TX:
Hapo shangazi amenimaliza. Lakini Jackie mtoe besi ya pili, hapo ni Joe Morgan. Jackie tunampenda kwa historia, tukisema ukweli.

Mbeba Maboksi:
Jackie hatoki. Ila subiri, Morgan si alikuwa Cincinnati na Bench? Nikimpa bosi Morgan anaweza asinione kwa Gibson...

Shangazi wa Minnesota:
Sasa umeanza kuwa na akili.

Mbeba Maboksi:
Shangazi lakini mzee naye anapiga kura, na kofia anayovaa kila siku ina namba 42, ile ya Jackie 😩