Ombi la mkopo limepotelea ndani ya mnyororo, naombeni ushauri

Kijana_Javani
Wakuu, heshima kwenu. Naandika programu ya mikopo ya SACCOS moja. Mwanzoni nilikuwa na methodi moja (kipande kimoja cha msimbo) ya mistari kama 400, if juu ya if, yaani masharti ya "kama" yaliyorundikana: afisa mikopo anaidhinisha hadi 1,000,000, meneja hadi 5,000,000, zaidi ya hapo kamati. Kila viwango vikibadilika naingia humo humo na kuvuruga kingine. Nikahamia mnyororo wa wajibu: kila mwidhinishaji ana klasi yake (sehemu yake ya msimbo), ombi likimzidi analisukuma kwa anayefuata.

Wiki iliyopita mama mmoja aliomba 5,000,000 kamili, ada ya mwanawe. Kasubiri siku 4. Kwenye logi (kumbukumbu za programu) hakuna kosa lolote, na ombi halipo kwa meneja wala kwa kamati. Naona aibu hata kumpigia simu. Nirudi kwenye if zangu?

Fundi_Tanga
Pole kaka. Hebu bandika sharti la meneja na la kamati.

Kijana_Javani
Meneja (chini ya milioni 5): `kiasi < 5000000`
Kamati (zaidi ya milioni 5): `kiasi > 5000000`
Aisee. Milioni 5 kamili haina mwenyewe!

Fundi_Tanga
Ndiyo hiyo. Ila ukiweka alama ya "chini ya au sawa na" `<=` ukaishia hapo, kesho litapotea jingine. Ugonjwa uko mkiani. Bila shaka umeandika `if (anayefuata != null)`, yaani "sukuma kama kuna anayefuata", basi kamati isipolishika, ombi linafia hapo kimyakimya. Gamma, Helm, Johnson na Vlissides kwenye kitabu chao cha 1994, Design Patterns, wameutaja udhaifu huu waziwazi: hakuna dhamana kwamba ombi litapata wa kulipokea. Funga mnyororo kwa kiungo kisicho na sharti, kazi yake ni kurusha hitilafu yenye namba ya ombi.

DadaSeva
Naongezea. Unga mnyororo sehemu moja tu, pale programu inapoanza, mtu asome mpangilio wote bila kufungua klasi tatu. Na jaribu mipakani: 4,999,999, kisha 5,000,000, kisha 5,000,001. Usiuchanganye mnyororo huu na vichujio vya servlet (programu za Java za upande wa seva); kule ombi kwa kawaida hupita kwa wote, kila mmoja anafanya kidogo chake kisha anaita `doFilter` kulipitisha mbele. Kwako anayelishika ndiye anayelimaliza.

Mzee_Kazi
Mimi napingana kidogo. Kama tofauti ya ngazi ni kiasi peke yake, jedwali la cheo na kikomo kwenye hifadhidata linatosha, na viwango vikibadilika hugusi msimbo. Mnyororo una faida pale kila ngazi inapokagua mambo yake. Wako wanakagua nini, mwanangu?

Kijana_Javani
Shikamoo mzee. Afisa anaangalia akiba, meneja anahakiki wadhamini, kamati inapitia hati za dhamana. Kwa hiyo mnyororo unabaki, ila vikomo navihamishia kwenye jedwali. Nimeshaweka kiungo cha mwisho na kurekebisha sharti, nikalirudisha ombi: limetua kwa meneja. Nampigia mama sasa hivi.