Tuliougua polio utotoni: mguu mzima nao ukianza kuchoka, mnafanyaje? Tupeane uzoefu

Fundi wa Morogoro
Salaam wakuu. Nina miaka 54. Polio ilinipata nikiwa na mwaka na nusu, ikaondoka na mguu wa kulia. Sikumbuki kutembea kabla ya hapo, kwa hiyo sijawahi kuulilia. Natembea nimekandamiza paja kwa mkono ili goti lisikunje (mnaojua mnajua), na suruali zangu zote huchakaa mahali pamoja, pale kiganja kinapokaa. Kwa vile mimi ni fundi cherehani, nikishona yangu naweka kiraka cha ndani mapema kabisa.

Kilichonileta ni mguu wa kushoto. Huu ndio ulionilea. Ndio unaokanyaga pedeli tangu 1989. Sasa tangu mwaka juzi, ikifika saa nane mchana unatetemeka kama wa mtu aliyekimbizwa na mbwa. Asubuhi uko sawa, jioni haupo. Nimekwenda hospitali mara tatu. Kwanza wakapima presha na sukari, viko sawa. Mara ya pili nikaambiwa ni umri. Mara ya tatu nikamkuta daktari kijana, mpole sana, akaniuliza kama polio mtu anazaliwa nayo. Sikumlaumu. Tanzania mgonjwa wa mwisho wa kirusi cha polio cha asili alionekana 1996, kijana yule pengine alikuwa bado ananyonya. Ataijulia wapi?

Kuna ambaye upande mzima umemgeuka hivi? Wenye dawa za mizizi, nashukuru, msinifuate.

Mama wa Tanga
Pole fundi. Wewe mguu, mie mabega. Nina magongo tangu darasa la kwanza na nimelea watoto watatu nayo, mwana mgongoni nimemfunga kwa kanga mbili. Mama mkwe alisema nitamwangusha mjukuu wake. Basi nikawa nafua, natwanga, nadeki, nikimaliza namuuliza kama kuna kingine. Hakuna aliyenituma, ni kiburi changu tu.

Sasa nina 49. Usiku vidole vinakufa ganzi, ubavu wa kushoto silalii. Mtaalamu wa viungo akanambia, "Mama, mabega hayakuumbwa yawe miguu." Nikacheka pale pale, nikaja kulia kwenye bajaji.

Na jamani, raba za magongo zikisha, msiingie kwenye majengo ya vigae. Nilianguka benki mbele ya foleni nzima.

Wa Kayole, Nairobi
Kwetu haikuitwa polio. Mamangu mpaka anaingia kaburini alijua ni sindano. Nilikuwa na homa, akanibeba mpaka zahanati, nikadungwa makalioni, kesho yake mguu umelegea kama kitambaa. Alimchukia yule nesi miaka arobaini. Wakikutana sokoni anavuka barabara.

Uchovu ninao pia, lakini mimi nilidhani ni kwa sababu ya matatu. Makanga akiona gongo anagonga bodi, gari inaondoka. Ukisimama stendi saa nzima kila jioni, hata mwenye miguu miwili atachoka.

Mtaalamu wa viungo
Mimi sina polio, nawahudumia wenye nayo. Nianze na mama wa ndugu yetu wa Kayole. Homa ile huenda ndiyo ilikuwa polio yenyewe, na sindano ya msuli katika siku hizo inaweza kuuvutia ulemavu kwenye mguu uliodungwa. Pia sindano ya makalio ikipiga karibu na mshipa wa fahamu inaweza kulemaza bila polio yoyote. Kwa hiyo mama aliona alichokiona. Nesi naye huenda alifanya kazi yake tu.

Fundi, yako inafanana sana na kile tunachokiita athari za baadaye za polio. Kirusi kiliua seli za uti wa mgongo zinazoamrisha misuli. Zilizobaki zikachipua matawi, zikachukua nyuzi za misuli zilizoachwa yatima, kama shangazi anayelea wake na wa ndugu zake waliokufa. Hata mguu uliouita mzima huenda uliguswa, ukapona kwa njia hiyo. Shangazi kalea miaka thelathini, arobaini, sasa kachoka. Kirusi hakijarudi, na humwambukizi mtu. Hakuna kipimo kimoja cha kuthibitisha, ndiyo maana wanapaswa kwanza kuondoa mengine: damu pungufu, tezi ya shingo, mgongo. Mazoezi yawe mepesi. Yakikuacha na maumivu mpaka kesho yake, yalizidi. Pumzika kabla hujachoka. Na siku ukipasuliwa, mwambie wa dawa ya usingizi kwamba uliugua polio, usingoje aulize.

Kijana wa Mbagala
Mtanisamehe, ila hayo ya kupumzika siyataki. Ukikaa umekwisha. Mimi nina polio na napiga vyuma kila siku, kiti cha magurudumu sikalii mpaka nife.

Mama wa Tanga
Mdogo wangu, una miaka mingapi?

Kijana wa Mbagala
33.

Mama wa Tanga
Haya. Tuonane ukifika 48.

Wa Njombe
Huku shida ni baridi. Mwezi wa saba mguu wa polio unakuwa wa bluu, na watu wanadhani hausikii. Shuleni walikuwa wananichoma na kalamu kujaribu. Unasikia kila kitu, ni nguvu tu ndiyo haipo! Navaa soksi mbili za sufi kabla sijatoka kitandani, sio baada.

Viatu: mguu wangu mmoja ni 42, wa kushoto 38. Miaka mingi nilinunua jozi mbili nikitupa nusu. Kisha nikampata mzee wa kijiji cha pili, yeye polio imempiga kulia, namba zile zile. Tunachanga, tunagawana. Shida ni moja, yeye anapenda viatu vya kahawia.

Fundi wa Morogoro
Nimerudi. Ndugu mtaalamu, maneno yako niliyaandika kwenye karatasi nikampelekea yule daktari kijana. Aliyasoma mara mbili, akaenda kumwita mwenzake naye asome. Nimepimwa damu, nasubiri.

Nimefunga mota kwenye cherehani. Umeme ukikatika nakaa, sikanyagi. Mke wangu ananicheka: mota inazunguka yenyewe, na mguu wa kushoto chini ya meza bado unakanyaga hewa.