Rafiki: lililokatazwa ni pendo au ni mwisho wake?

Binti Kisauni: Naomba tuijadili filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, iliyopigwa marufuku na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya mwezi Aprili 2018, muda mfupi kabla ya kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, ambako hakuna filamu ya Kenya iliyokuwa imewahi kuteuliwa. Kena na Ziki ni wasichana wanaotoka utotoni katika mtaa mmoja wa Nairobi. Baba zao wanawania kiti kimoja cha wadi, na wasichana hao wawili wanapendana. Mwongozaji ameeleza kwamba Bodi ilimtaka abadilishe mwisho kwa sababu ulibakiza matumaini. Je, lililokatazwa ni pendo hilo, au ni kule kutowaadhibu waliopendana?

Mzazi wa Nakuru: Binti yangu, umeruka jambo la kwanza. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza ngono "kinyume cha maumbile", kipo, na Bodi haikukitunga. Isitoshe, ile mitaa ya rangi ya waridi na zile nywele za Ziki ni Nairobi iliyopambwa kwa ajili ya macho ya wageni. Sisi tulioishi huko hatukuiona.

Mwana wa Eastlands: Mzee wangu, habari ya sheria nawaachia wanasheria, lakini hilo la rangi limeniuma. Nimekulia katika mji ambao matatu huchorwa kuanzia kioo cha mbele hadi bampa ya nyuma, ambao kamba za nguo kwenye roshani hubeba leso za kila rangi. Nani aliyetufundisha kwamba Nairobi ya kweli ni lazima iwe ya vumbi na kilio? Kahiu huiita sanaa yake Afrobubblegum, kwa maana ya sanaa ya Kiafrika yenye furaha, isiyolazimika kuhubiri vita wala maradhi kila inapofungua kinywa, na mimi namuunga mkono kwa moyo wote.

Mpenda Sinema: Hata mahakama iliifungulia, kama nakumbuka vizuri, na ndipo ikaiwakilisha Kenya katika Oscar.

Binti Kisauni: Haikuiwakilisha, ndugu yangu. Mwezi Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku saba, kwa watazamaji wazima tu, ili filamu itimize sharti la kuonyeshwa nyumbani kwanza. Ukumbi wa Prestige ulijaa, lakini iliyochaguliwa ilikuwa Supa Modo, ambayo nayo imejaa ndoto za mtoto anayetaka kuruka angani. Sikusikia mtu akilalamika kwamba huyo si mtoto wa Kenya. Tofauti ninayoiona ni kwamba yule mtoto anafariki, ilhali Kena na Ziki wanabaki hai na matumaini yao.

Mzazi wa Nakuru: Kijana wa Eastlands asinihesabu miongoni mwa waliofundishwa na wageni kuudharau mji wangu. Nina mabinti, na nililolitazama kwa makini katika filamu ile ni yule baba yake Kena, mwenye duka, anayekataa kumtupia bintiye lawama ingawa anajua kwamba jambo hilo litamgharimu uchaguzi. Huyo namheshimu, na ningependa wanaume wengi wamwone. Sikubaliani na mapenzi yale na sitakubaliana nayo, lakini sioni kwa nini niambiwe kwamba mtu anayempinga Kena hawezi kumpenda baba yake.

Mwana wa Eastlands: Sikukusudia kukuvunjia heshima, mzee, ila rangi zile ni zetu, na hapo sirudi nyuma.

Binti Kisauni: Mzee wangu, umenijibu kuliko ulivyokusudia, kwa hiyo niruhusu nikuulize jambo moja tu. Lau mwisho ule ungebadilishwa kama Bodi ilivyotaka, na Kena akatolewa akiwa amevunjika na kujutia, baba yule angekuwa amezipoteza kura zake kwa ajili ya nini?